Njia ya Nyuma ya Nyumba ya Kaka

Jumanne, mwezi wa tatu. Mbalizi, hapa Mbeya, imeamka na ukungu, na sasa ni saa nane mchana mvua bado inanyesha kidogokidogo. Sijafua. Sijapika. Nina uchovu ambao hata nikilala hauondoki.

Hii ni wiki ya tano tangu tumzike kaka Fidelis kule Kilolo.

Binti yangu aliniwekea kwenye simu ile ramani ya picha za satelaiti. Leo nimeifungua niitazame nyumba ya kaka, basi tu. Nimeliona bati lake na mparachichi wa uani. Halafu nikaona kitu nisichokielewa. Nyuma ya nyumba unatoka mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda ng'ambo na kuishia kwenye kichaka. Pale hakuna nyumba wala shamba. Nilidhani kioo kimekwaruzika, nikakifuta kwa khanga.

Mstari ukabaki palepale.

Nikampigia wifi, mjane wa kaka.

"Kamwene, wifi. Hiyo njia ya nyuma ya nyumba yenu inakwenda wapi?"

"Nani amekwambia habari za njia?"

"Nimeiona kwenye ramani."

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Kumbe huko juu nako wanatuchungulia! Hiyo ni ya kaka yako. Kila Jumapili akitoka kanisani, huyo, na panga lake. Mimi nikajua anakwenda kunywa ulanzi kwa siri. Siku moja nikamfuata. Nikamkuta amepiga magoti, anang'oa majani. Akasema, hapa ni kwa Skola."

Nikamwomba alirudie hilo jina.

Mwaka sabini na nne tulikuwa tunaishi ng'ambo ile, penye milanzi ya baba, ile mianzi ya kugema ulanzi. Serikali ikatuambia tuhamie kijiji cha ujamaa, lori linakuja asubuhi. Mdogo wetu Skola alikuwa amefariki miezi michache nyuma, hata kutembea hajaanza vizuri. Tulimzika nyuma ya milanzi, tukaweka jiwe. Asubuhi ile mama alitupeleka pale, mimi na kaka. Akasema tupashike vizuri akilini, maana yeye hatakuwepo siku zote. Kaka akahesabu hatua kutoka kwenye milanzi hadi kwenye jiwe, kwa sauti. Mimi nilikuwa natazama barabarani. Nilikuwa sijawahi kupanda lori.

Siku ile nilifurahi. Sijawahi kumwambia mtu.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mgonjwa kitandani, aliniuliza kama bado napakumbuka kwa Skola. Nikamjibu, napakumbuka, mama. Akafumba macho, akalala.

Sikuwa napakumbuka. Na sikumuuliza kaka, kwa aibu. Kila nilipokwenda Kilolo nilikaa uani, nikala, nikapanda basi kurudi Mbeya. Naye hakuniambia kitu. Alipita tu, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka nyayo zake zikaonekana kutoka angani.

Kabla ya kuagana wifi alisema, "Ila mimi, wifi, kwa magoti haya sivuki kijito. Na tangu msiba hakuna aliyepita. Mvua hizi, nyasi zimeshafika kiunoni."

Kwa hiyo picha ninayoitazama ni ya kiangazi fulani, kaka akiwa mzima. Huko chini njia inazibika wakati mimi nimekaa hapa na simu mkononi. Ikiziba, hakuna tena wa kulifikia lile jiwe.

Nimechora kwenye daftari: nyumba, bonde, kijito, kichaka. Hatua za kaka sizijui. Nitapekua majani mpaka nilione jiwe.

Jumamosi napanda basi la asubuhi. Wifi anasema panga la kaka bado limening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Nimemwomba asimpe mtu.