Kulabu ya Kisima cha Ogwedhi

Nairobi, Jumapili

Kwa shemeji yangu Robi,

Pokea salamu zangu, wewe, kaka Odhiambo na watoto. Je, mama amepata nafuu ya magoti? Mimi ni mzima wa mwili tu, moyo hautulii.

Shemeji, ile kulabu niliyomtumia kaka, anayoning'inizia kamba akichimba kisima, asiitumie tena. Kama yuko chini sasa hivi, weka barua chini, kimbia. Mshushieni kamba nyingine iliyofungwa kwenye gogo.

Majuzi tulikuwa tunainua vyuma hapa kiwandani, kulabu tuliyoitengeneza wenyewe ikakatika. Haikunyooka, haikulia. Mzigo ukamwangukia Ochieng, yule rafiki yangu wa Mbita aliyecheza sana kwenye harusi yenu. Miguu imesagika. Hospitalini aliniambia, "Ouma, ingepinda hata kidogo ningeruka."

Mhandisi aliyeitwa alituonyesha mahali ilipokatika, pakimetameta kama sukari. Alisema chuma ni punje ndogo ndogo zilizoshikana. Kikiwa safi kinavutika, kinapinda kabla ya kukatika. Lakini sisi tuliyeyusha vyuma chakavu vyenye salfa na fosforasi nyingi, na chuma kilipopoa uchafu ule ukajikusanya kwenye mipaka ya punje. Hapo ndipo zinapoachana, ghafla.

Nikamuuliza, "Mtu anaweza kuitambua kulabu mbovu kwa macho?"

"Kwa nje hutaona kitu."

Shemeji, nilitoka mbio kutafuta simu. Kulabu ya kaka ilitoka tanuri lile lile, siku ile ile. Niliichagua mwenyewe kwa kuwa iling'aa kuliko zote.

Nimepiga simu duka la hapo Ogwedhi hadi nimechoka, laini imekufa. Ningekuja, lakini kesho Ochieng anakatwa mguu na hana ndugu mwingine huku. Barua hii nimempa dereva wa lori la ng'ombe. Ameapa kukukabidhi mkononi, nami namwomba Mungu asilale njiani.

Najua kaka atasema, "Mbona imebeba mawe siku zote hizi?" Hata ile ya Ochieng ilikuwa ikibeba.

Msalimie mama, na shangazi anayetuombea kanisani kila Sabato. Aombe sasa, asingoje Sabato.

Kaka akikataa, keti kwenye mdomo wa kisima na mtoto mgongoni, usiondoke. Atakufokea. Mwache afoke, bora yuko juu ya ardhi.

Ni mimi shemeji yako, nisiye na usingizi,
Ouma