Mgeni wa Mabua

Kisiwa cha Uist Kusini, Uskoti,
6 Novemba

Kwa Dada yangu mpendwa Effie,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Hector. Natumaini goti lako limetulia na mvua ya Glasgow inakunyeshea kwa adabu. Sisi huku tupo, ila upepo wa juzi uliezua banda la kuku, na jogoo wangu sasa anaishi kwa jirani Peigi Anna kama mpangaji.

Baada ya salamu, ni kwa majonzi makubwa kwamba natangaza kifo cha Tanipu, ule mzizi mgumu tuliouchonga taa za Halowini tangu utotoni, kilichotokea katika ukumbi wa kijiji baada ya kuugua kwa miaka mingi. Marehemu ameacha kisu kilichopinda na makovu kwenye vidole vyangu. Kiti chake cha enzi kimechukuliwa na Boga. Ndiyo, Dada. Kamati ya kijiji ilipiga kura, na mimi mwenyekiti nilijikuta nimebaki peke yangu na mkono juu kama mtu anayekausha kwapa. Dolina wa dukani ndiye aliyeyaleta hayo maboga kwa feri. Nilipotetea taa ya tanipu, akaniambia mbele ya watu, "Mwenyekiti Lachie, kuchonga hilo tanipu lako anatakiwa fundi wa mawe, si mtoto wa shule." Walicheka mpaka Padre Calum akajifanya anakohoa.

Sikufichi kwamba maboga yalipendeza. Yalipangwa juu ya ukuta wa ukumbi yakiwa na mishumaa ndani, na jioni ile ya Halowini, sikukuu yetu ya vinyago, hata kondoo walisimama kutazama. Kinachoniudhi ni watoto. Wewe unakumbuka tulivyofundishwa: unaingia kimya, umejifunika gubigubi, unaketi, na wenye nyumba wanakisia wewe ni nani. Wakipata jina lako, unavua kinyago na kupewa tufaha. Wakikosea, unabaki na kinyago chako na ulimi wako, kwani kujitaja mwenyewe ni aibu kwako na mkosi kwa nyumba. Hawa wa siku hizi wanasimama mlangoni wanapiga kelele, "Pipi au visa!" mikoba wazi kama watoza ushuru. Mtoto wa Dolina alikuja ndani ya sanduku, ati yeye ni mashine ya kufulia. Nikamwambia ngoja nikisie wewe ni nani. Akanijibu, "Fanya haraka, Babu, bado nyumba nyingi." Babu! Nami nywele bado ninazo, kwa nyuma. Mama aliwagawia viazi vibichi, akawapa pole kwa njaa iliyowafikisha hapo.

Hapo nimemtaja Mama, na najua ndiye unayemngoja tangu mstari wa kwanza. Kwenye simu uliniambia wazi kwamba siku Mama atakaposhindwa kunijua mimi ninayelala naye nyumba moja, ndiyo siku ya kumhamishia huko kwenye nyumba ya wazee karibu nawe. Nikakujibu kwamba Mama hajambo, ananijua vizuri. Kisha nina hakika umeshapigiwa na Peigi Anna kuhusu yule mgeni wa mabua, maana Peigi Anna akinyamaza na habari kama ile atapasuka. Basi nakusimulia kwanza kama kijiji kinavyosimulia.

Nilikuwa nimewaomba watu wazima wachache wafanye ile Halowini ya zamani, wapite kwetu kwa ajili ya Mama. Peigi Anna alikuja kuketi naye, kwa kuwa mimi nilisema niko ukumbini nalinda maboga. Giza lilikuwa limeingia mapema, na upepo ulikuwa unalalama kwenye bomba la moshi. Wakaja wamevaa ngozi za kondoo na magunia usoni, wakaketi kwenye benchi bila neno. Nawe unamjua Mama. Aliwatazama mikono, akasikiliza wanavyovuta pumzi, akawatambua mmoja mmoja. Mume wa Peigi Anna alimtaja kwa kikohozi. Padre Calum alimwambia, "Baba, hata Halowini unaweka mikono kama uko altareni?" Wote walivua, wakala krimu iliyokorogwa na unga wa oti, chakula cha siku hiyo, wakaaga na kwenda zao wakicheka.

Hawajafika mbali, mlango ukafunguka tena. Hakuna aliyebisha. Mbwa hakubweka, na hilo ndilo Peigi Anna analolirudia kuliko yote: mbwa alilala chini, akaweka kidevu sakafuni. Akaingia mmoja peke yake, mrefu, amefungwa mabua kuanzia shingoni mpaka magotini, na usoni hana tundu hata moja, ni kitambaa cheupe tu, kinachoingia na kutoka kwa pumzi. Hakwenda kwenye benchi. Alipita nyuma ya Mama taratibu, akaketi kwenye kile kiti cha pembeni mwa moto ambacho hakijakaliwa tangu tumzike Baba.

Peigi Anna alijaribu kucheka. Alitaja majina, la Dolina, la mpwa wake, la yule mwalimu mgeni, hata la daktari. Kimya. Mabua yalikuwa yanalia kidogo kidogo, kama panya darini. Akamwambia, "We mtu, mchezo umeisha, unamtisha bibi." Ndipo alipoangalia chini akaona viatu. Vilikuwa viatu vya Baba, vile vya baharini vyenye kiraka cha shaba kisiginoni. Mama naye alikuwa ameviona. Akainama mbele, akaweka mkono juu ya goti la yule mgeni, na akasema kwa sauti ambayo Peigi Anna anasema hakuwahi kuisikia, sauti ya msichana: "Murdo. Umechelewa."

Peigi Anna hakumbuki alivyotoka. Kiatu chake kimoja tulikikuta kwenye matope. Asubuhi watu waliona mabua yamedondoka kuanzia mlangoni kwetu, njia nzima ile inayopita ukuta wa makaburi. Tangu siku hiyo hakuna anayepita pale peke yake. Padre Calum alikuja na maji ya baraka, akanyunyizia kiti, mlango, na kwa bahati mbaya uji wangu. Dolina, mshindi wa maboga, ameniambia kwa unyenyekevu kwamba labda tuliwaudhi wazee waliotangulia kwa kuacha tanipu. Nami mwenyekiti nimeitikia kwa uso mzito. Nimekuwa mwoga, Dada, na mwoga huonekana mwenye hekima akinyamaza.

Sasa nakuambia lililotokea.

Mtu wa mabua nilikuwa mimi. Maboga hayakuhitaji mlinzi. Nilijifunga mabua zizini, lililo ng'ambo ya makaburi kama unavyojua, nikarudi njia ileile nikipukutika mabua kama godoro bovu. Mbwa hakubweka kwa sababu mimi ndiye ninayemlisha. Viatu vya Baba nilivivaa kwa kuwa vyangu vinajulikana kisiwa kizima kwa kulia kama bata. Sikufikiria zaidi ya hapo, naapa. Nilidhani nimejificha, kumbe nimevaa jina la mtu mwingine miguuni.

Na sababu ni hii. Mama hanijui, Dada. Hanijui tangu kiangazi. Asubuhi huniita "kijana," na akiwa na furaha huniita "kijana wangu," nami hufurahia hilo "wangu" kama mtoto aliyepewa kipande cha nyama. Watu wakija na kumwuliza, "Mama, huyu ni nani?" wakininyooshea kidole, anatazama mikono yake na kuanza kuipangusa kwenye aproni. Nimeona aibu ile mpaka nimeanza kuwakimbia wageni. Ndipo nikawaza kwamba ipo jioni moja katika mwaka ambapo hakuna mtu anayemjua mwenzake, na wala si aibu. Wote ni magunia na ngozi. Siku hiyo Mama angekuwa sawa na sisi sote, tena bingwa wetu. Nikasema, pengine uso wangu ndio unaomchanganya, huu uso ulionenepa na kuzeeka, ilhali yeye anamtafuta mtoto. Nikiuficha, huenda akanipata kwa mikono, kwa pumzi, kwa jinsi ninavyoketi. Nilisimama dirishani nikamwona anavyowataja wale wengine bila kukosea hata mmoja, na moyo wangu ukapiga kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Kisha akaniita Murdo.

Unaijua kanuni. Aliyekosewa havui. Lakini sikunyamaza kwa ajili ya kanuni tu. Peigi Anna alikuwa ameshakimbia, Mama ameng'ang'ania goti langu, na macho yake yalikuwa safi kuliko nilivyoyaona mwaka huu wote. Ningevua, angemkuta yule kijana. Nikabaki.

Mama alisema alijua Baba atakuja, ila asimchukue leo. Moto ulikuwa umefifia, na nilianza kuogopa kiti kile, kana kwamba kulikuwa na mtu chini yangu. Akasema, "Yupo kijana hapa ananitunza. Sijui ni mtoto wa nani. Mwema sana, anaunguza uji. Nikiondoka, nani ataula ule uji wake na kumwambia ni mtamu?" Akacheka kidogo. Akasema kila siku humkisia jina moyoni, na kila akilitamka anaona usoni mwake kwamba amekosea, ndiyo maana ameacha kukisia, asimuumize. "Usimwambie," akanionya, "anadhani sijui kama simjui."

Halafu akashusha sauti zaidi. "Lachie haji siku hizi, Murdo. Effie yuko mbali, huyo namwelewa. Lakini Lachie alikuwa hapa hapa. Sijui nilimkosea nini. Ukimwona huko uliko, mwambie sijafunga mlango."

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye kile kitambaa, nililihisi midomoni. Lakini ningesema nini, na kwa sauti ya nani? Nikaitikia kwa kichwa, mabua yakalia, naye akanipapasa goti akasema, "Haya, nenda. Kuna baridi huko." Nikaenda. Nilipofika ukuta wa makaburi niliketi chini na sikujua kwa muda kama mimi ndiye niliyeondoka pale au ni yeye Baba.

Niliporudi na nguo zangu, nikaingia kwa mlango wa nyuma, alikuwa ameniwekea bakuli la krimu mezani. Akaniambia, "Kijana, umekosa mgeni. Kula." Nikala. Akaniuliza kama ni tamu.

Basi uliniuliza kama Mama bado ananijua, nami nikakujibu uongo. Jibu la kweli ni hapana. Lakini ndani ya usahaulifu ule ananihurumia mimi kijana, na ananingoja mimi Lachie, yote kwa wakati mmoja, na huko Glasgow sidhani watajua kuwa kwake hao ni watu wawili. Sikuombi uamue ninavyotaka. Nakuomba uje wewe mwenyewe Krismasi, ukae naye kwenye moto, kabla hujatia saini chochote. Na ukifika, nikiingia na kuni, tafadhali usimwulize huyu ni nani. Niite kijana, kama yeye. Nimeshazoea.

Msalimu sana shemeji Hector, na umwambie ile dawa ya kuotesha nywele imewafaa kondoo tu. Peigi Anna anakusalimu, ingawa yeye hajajua mtu wa mabua alikuwa nani, na nitakwenda kumwambia kesho pamoja na kumrudishia kiatu. Mama naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia wewe, akasema nikuulize kama unavaa sweta.

Mungu akulinde huko na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako,
Lachie