Faili Lililofunguliwa Saa Saba

Dada yangu wa pekee,

Huku tu wazima. Mama kapata miwani mipya, sasa anaona mpaka vumbi la juu ya kabati, basi hatupumui.

Dada, nisikilize. Kompyuta yetu ya masjala ya hospitali huchelewa kuwaka, kwa hiyo asubuhi naifungua kwa nywila yangu, halafu makarani wote tunaitumia mpaka jioni. Ndivyo tulivyozoea. Jana mkuu wetu kanionyesha orodha: faili moja limefunguliwa kwa jina langu mara tatu, saa saba mchana, nikiwa nimeenda kula.

"Huyu mgonjwa ni nani wako?"

Faili lilikuwa lako, dada. Lile ulilonisihi hata mama asilijue.

Saa saba hubaki karani mmoja tu: wifi yako. Leo kanisalimia kwa tabasamu, akasema Jumapili anakuja kwenu kumwona kaka yake.

Nimempa jirani barua hii akuletee mkononi, maana simu yako mumeo huipokea. Mimi wanifukuze tu. Maji yameshamwagika, hayazoleki. Lakini mwambie mumeo wewe mwenyewe, Jumamosi, kabla hajaambiwa.

Mdogo wako uliyemwamini.