Pikipiki ya Mkono wa Kushoto

Jumanne, 11 Februari 2025

Umeme umekatika tangu asubuhi. Afadhali. Mikono inauma.

Nimemwogesha Kaka Hermenegildi, nimemvalisha, nimemlisha uji, nimembeba hadi kwenye kiti chake mlangoni mwa gereji. Miezi sita tangu kiharusi. Upande wa kulia wote umelala — mkono, mguu, pembe ya mdomo. Maneno yaliyobaki ni matatu: siyo, hii, haya. Na huyu ndiye aliyekuwa akisikia gari likipita barabarani Kibaoni anakwambia beringi ya gurudumu gani imekwisha!

Leo tena ananyooshea kidole zile tairi mbili. Nene kama maboga. Alizipata kwa Donati, muuza vyuma chakavu, zilitoka kwenye pikipiki ya magurudumu manne iliyofia porini. Alitaka kuunda kipikipiki kifupi cha kupita kwenye tope hadi shambani kwake Michenga. Fremu aliichora ukutani kwa chaki wiki moja kabla ya kuanguka. Sijaifuta.

"Hii," anasema. "Hii. Hii."

Nimesikia, Kaka.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeanza. Ili anyamaze tu, nisidanganye. Mabomba ya maji ya zamani, na vyuma vya kitanda kilichovunjika. Geti la mteja linasubiri pembeni.

Kila nikichomelea: "Siyo." Nikigeuza: "Siyo." Mara ya tano nikatupa kishikio cha mashine chini, nikatoka nje. Nikasimama barabarani kama mjinga. Niliporudi nikapima upya. Uma wa mbele ulikuwa umelala kupita kiasi. Alikuwa sahihi!

Miaka thelathini nasikia "siyo" ya huyu mtu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kiharusi kilipomnyang'anya maneno, kuna siku nilijisemea: walau hili litapungua. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 20 Februari

Donati kaleta injini ya pampu ya kumwagilia, ilizama kwenye mafuriko ya mwaka jana. "Shikamoo mzee Hermi!" — kwa sauti ya juu, kama anaongea na kiziwi. Kaka akamwangalia tu.

Kabureta imejaa udongo. Nimeosha kwa petroli, nimebadilisha plagi, nimevuta kamba. Kimya. Tena. Kimya. Ya nne — ikapiga kelele, moshi mweusi, kuku wote mbio!

Kaka akacheka. Kwa upande mmoja wa uso, mate yakamtoka, nikamfuta. Sijamwona akicheka tangu Agosti. Nikawa na kazi ya kuangalia injini ili asinione.

Jumapili, 2 Machi

Tumetoka misa ya kwanza. Mke wangu Domitila anafua mashuka ya Kaka. Kila siku anafua mashuka, Jumapili na siku za kazi. Akauliza, bila kuinua uso, hicho chombo ni cha nani.

Nikasema changu. Cha kwendea Michenga kuangalia mpunga wa Kaka.

"Na mageti ya watu utachomelea lini, baba?"

Nikachukua ndoo nikamletea maji ya kusuuzia. Amekonda. Nimeona leo, pale alipokamua shuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga mkono wa mafuta upande wa kulia, kama pikipiki zote duniani.

"Siyo."

Kaka, siyo nini tena? Akanishika mkono kwa mkono wake mzima, akaupeleka kwenye usukani — kushoto. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamweleza polepole, kama mtoto, kwamba kushoto ni klachi. Akafumba macho. Nimemchosha.

Kisha akanyoosha mguu wa kushoto, akaukanyaga mguu wangu. Akaachia. Akanyooshea mkanda wa injini. Akakanyaga tena, akaachia, akanyooshea breki ya nyuma. Tulirudia hivyo saa nzima, jasho likimtoka. Mwishowe nikaona. Pedali moja, mguu wa kushoto. Ukikanyaga, mkanda unakaza, chombo kinakwenda. Ukiachia, mkanda unalegea na pedali ileile inavuta breki. Mafuta kwa mkono wa kushoto. Upande wa kulia hauna kazi yoyote.

Hakuna kitabu chenye kitu hicho. Amekiwaza mwenyewe, huko kitandani hospitali, sisi tukidhani amelala.

Nikakaa chini kwenye vumbi la chuma. Chombo siyo changu. Hakijawahi kuwa changu.

Jumatano, 12 Machi

Kliniki ya mazoezi. Binti anayemnyoosha viungo ni mpole. Alinivuta kando akasema kilichorudi ndicho kilichorudi, sasa tumzoeze kukaa vizuri. Alisema kwa sauti ndogo. Kaka hana tatizo la masikio! Njia nzima kwenye bajaji alikuwa amegeukia upande mwingine.

Nyumbani nikamwambia Domitila ukweli kuhusu pikipiki. Akaweka mwiko chini.

"Akivunjika nyonga, nani atamgeuza kitandani? Wewe na mimi. Nani mwingine?"

Jioni nikampa Kaka wazo: tuongeze gurudumu la tatu pembeni, asianguke. Akatema mate. Siyo bahati mbaya, alikusanya kabisa akatema.

Jumatatu, 17 Machi

Kaka hali. Siku ya tano. Uji kidogo, maji. Domitila amepika wali kwa samaki wa mtoni, kambale, chakula anachokipenda tangu tukiwa Mahenge. Sahani imerudi kama ilivyokwenda. Domitila aliishika akaiangalia muda mrefu.

"Shemeji yako kanuna," nikasema.

"Hajanuna," akasema. "Mtu akinuna anakula usipomwona."

Nimelala mchana gereji, kwenye gunia. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 20 Machi

Pikipiki imekwisha. Fupi, nzito, yenye sura mbaya. Kiti ni godoro nililokata na kuvika turubai. Ukikaa, miguu yote inafika chini.

Sikutaka kumpandisha kabla ya kujua. Nikaufunga mkono wangu wa kulia kwenye mkanda wa suruali, nikaamua mguu wa kulia nao ni mfu. Nikaenda uwanja wa nyuma kwenye tope. Kaka alikuwa anatazama kutoka kwenye kiti.

Inakwenda! Tope lile linalokamata trekta — zile tairi zinalikanyaga kama mkeka. Nikazunguka mara mbili. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi sikuwa nawaza kitu. Kisha nikakata kona, ikalalia kulia, na kulia sikuwa na mguu wa kujizuia. Nikaanguka kama gunia la mpunga. Bega. Uso wote tope.

Nilipoinuka nikamwangalia. Sasa ameona mwenyewe, nikajisemea, sasa ataelewa.

"Haya," akasema.

Jioni akala. Wali wote.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa barazani, penseli ya gereji.

Nimempandisha tangu saa tatu. Kukaa amekaa sawa, mgongo wima — kumbe bado ana mgongo! Shida ni mguu wa kulia. Unateleza kwenye kikanyagio, unaburuzika chini. Akanionyesha kipande cha tyubu: nimfunge. Nikafunga. Nikafungua. Ukimfunga, akianguka hana pa kutokea, pikipiki inamlalia. Usipomfunga, mguu utaingia kwenye gurudumu. Nikamwambia Kaka, tuache leo. Tutafute njia nyingine, nitaunda kitu kama kiatu. Wiki ijayo.

Hakusema siyo. Alikamata usukani.

Mvua ikaanza. Nikamwambia tushuke tukimbilie barazani, nikamshika kwapani. Akang'ang'ania kwa mkono ule mmoja, sikujua ana nguvu kiasi hicho. Nikamwachia. Nimekuja barazani peke yangu, namwangalia. Analowa. Shati limemganda mbavuni. Anatazama mbele tu, njia ya kwenda Michenga, kama vile injini inanguruma.

Nilidhani Domitila atanisaidia kumshusha. Katoka jikoni, kaona. Kajifunga khanga vizuri kiunoni. Nikasema asante Mungu, yeye atamsikiliza. Kapita mbele yangu, kaingia mvuani bila viatu.

Sasa amepiga magoti kwenye tope. Amechukua ile tyubu. Anamfunga mguu — anazungusha, anakaza kwa meno, anaujaribu kwa mkono kama anavyojaribu kamba ya mzigo. Wanazungumza. Au anazungumza yeye. Siyasikii maneno, bati linapiga kelele.

Ameinuka. Ananiita. "Baba! Njoo uvute kamba ya injini!"

Naandika ili nisiende. Bega linauma. Ameniita mara ya pili, na Kaka naye amegeuza kichwa, ananitazama. Haya. Naweka penseli chini.