Kisigino cha Mwalimu

4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Umeipumzisha cherehani, au bado unabishana na daktari? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka.

Nimeboronga, baba. Hapa karakana ya miguu ya bandia walinipa mteja wa kwanza wa peke yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Nikampima, nikamwaga plasta, nikauchonga mguu siku tisa. Leo kauvaa pamoja na viatu vyake vya kazini, ukamsukuma mbele nusura abusu ukuta! Nilimpima akiwa peku. Sikumuuliza visigino vya viatu vyake vina urefu gani, swali ambalo hata mfagiaji wetu analijua. Hakunifokea. Alisema tu, "Niliwaahidi wanafunzi wangu nitaingia darasani nimesimama." Bora angenizaba kofi.

Basi naacha. Wewe ndiye uliyeniambia tangu utotoni: fanya unachokipenda, mengine yatajipanga. Ninachokipenda ni kuimba. Jumamosi tarehe 22 kuna bendi inatafuta mwimbaji. Wakinichukua, plasta kwaheri.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, cherehani inaniita, daktari namkwepa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaona haya. Ushauri ule niliutoa wapi? Mimi nilitaka kuwa golikipa! Cherehani babu yako alinipa kwa lazima, na miaka miwili niliichukia kweli kweli. Niliwahi kushona suruali yenye miguu miwili ya kushoto, mwenyewe akaja nayo dukani mbio. Halafu siku moja nikamshonea koti mzee mwenye bega lililoshuka. Akajitazama kwenye kioo, akajinyoosha. Kuanzia hapo nikaipenda kazi. Mapenzi yalikuja mikono ilipokwisha kuzoea, nami nikakusimulia kana kwamba yalitangulia. Nisamehe, mama.

Kuimba kaimbe, sauti unayo. Ila usikimbie kwa sababu ya aibu. Mwalimu bado hana mguu.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo tena! Hapa nilipo nacheka peke yangu, wenzangu wanadhani nimerukwa na akili.

Kwenye bendi sikwenda. Mwalimu alikuwa na nafasi Jumamosi ile ile tu, siku nyingine anafundisha. Nilichagua mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Nikamwambia aje na viatu vyake vyote, akaja na jozi nne kwenye mfuko! Nikapima visigino kwa rula, nikalegeza kifundo cha mguu ule, akatembea, nikakaza, akatembea, nikalegeza tena. Asubuhi nzima ikaisha, wala njaa sikuisikia.

Mwishowe akaenda mpaka ukutani, akageuka, akarudi bila kushika kitu. Fundi mkuu, ambaye kusifu kwake ni kukohoa, alikohoa mara mbili. Mimi nikalia mbele za watu, tena kwa sauti. Kuimba nitaimba wikendi. Kazi hii naipenda, baba, na nimeshamwambia fundi mkuu siondoki.

Mwalimu akaaga, akatoka. Mara naona kasahau magongo kwenye kiti. Nikatoka mbio nayo mpaka nje, nikipiga kelele: "Mwalimu! Magongo yako!"

Hata hakugeuka. "Mpe mwenye shida nayo!" akajibu, akavuka barabara.

Binti yako, fundi