Tanuri la Dada Tupokigwe

Jumapili, 20 Oktoba 2024

Nimetoka Tunduma, nipo Itaka kwa dada Tupokigwe. Nyumba yake iliangushwa na mvua zilizopita, analala jikoni na wanawe. Mvua nyingine hizo zinanukia. Matofali kafyatua mwenyewe, yamekauka, bado kuchoma tu. Nikamwambia tanuri nalipanga mimi! Mpakani pale nani hanijui? Lori nikilipanga mimi linafika Lubumbashi, hata chupa haijagongana na mwenzake.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimepanga! Tabaka la chini, la pili limekatiza juu yake, la tatu limekatiza tena. Yamebanana — sisimizi akitaka kupita aombe ruhusa. Chini nimeacha midomo miwili ya kuni, basi. Jirani yetu Kefa kapita, kasimama, kacheka, kaenda zake. Wivu.

Jumatano, 23 Oktoba

Si wivu. Kefa kamwita dada. Dada kalizunguka tanuri, halafu: kaka, hapa umepakia lori. Moto utapita wapi? Matofali ya kuchoma yanapangwa kwa kuachiana, kila tabaka lipumue. Nikamjibu mzigo ukilegea unamwagika. Akasema huu hauendi Kongo! Kefa kacheka mpaka kakaa chini. Nami nikacheka — ningefanyaje? Tumebomoa lote. Mgongo, jamani!

Ijumaa, 25 Oktoba

Tumepanga upya, watatu. Dada ananifuata nyuma, anatia kidole kila mwanya kama askari wa ukaguzi. Mapambio tumeimba mpaka sauti zimekwisha. Mikono yangu bado inataka kubana!

Jumapili, 27 Oktoba

Tumewasha jana. Naandika hapa hapa, nimekalia gogo. Moto wa chini mkali, tumechomea mihogo, tumeshiba. Ila juu kimya. Na upande wa Zambia wingu jeusi limesimama kama linasubiri kugongewa muhuri. Likivuka kabla moto haujafika juu, matofali yote tope. Dada anaulizwa tufanyeje, anasema leteni kuni.

Sasa kavua kandambili, kapanda juu ya tanuri. Kakanyaga tabaka la mwisho. Kefa anauliza: vipi, moto umefika? Tone limeangukia karatasi yangu. Dada kabadilisha mguu. Kabadilisha tena — haraka! Anaruka huku na huku, anacheka, anapiga kelele: kandambili, wewe, nirushie kandambili! Na turubai! Turu—