Vifungo vya Mikoba na Pete za Zohali

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, 8 Septemba.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nguo ambazo wateja wamezisahau hapa kwangu. U hali gani huko? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakificha kila ukipiga simu? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila likishapata moto anatushinda sote kwa mwendo.

Darubini uliyomtumia Baba ilifika bila hata mkwaruzo. Kuhusu macho yake sitakuficha. La kulia limeshafunga kabisa, na daktari anasema presha ya macho imeanza kulila la kushoto. Hakututajia miezi, alisema tu kwamba kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, akione sasa. Unajua mwenyewe anachotamani. Miaka thelathini na moja amefundisha jiografia na kuchora Zohali na pete zake ubaoni, lakini hajawahi kuiona.

Jioni tatu mfululizo tulihangaika uani. Kile kidarubini kidogo cha kulengea kinataka upinde shingo kama unayetafuta kiatu uvunguni, na shingo ya Baba unaijua. Nikilenga mimi, napata paa la jirani. Jioni ya tatu akasema turudishe chombo kwenye boksi lake, akaingia ndani bila kumaliza chai. Roho iliniuma, mdogo wangu, maana hakuwa amekasirika, alikuwa amekata tamaa.

Ndipo nikakumbuka ile programu ya simu inayokuonyesha jina la kila nyota unayoielekezea. Nikawaza kwamba simu ikikaa juu ya darubini, itatuonyesha njia. Nikashona kishikio cha ngozi ngumu ya mkoba, chenye mkanda wa kuzunguka bomba la darubini. Ili simu isianguke, nikaweka vile vifungo vya sumaku ninavyovitia kwenye mikoba ya akina mama, vinne vizima. Kilipendeza mno, hata nikakitilia pindo jekundu.

Aibu niliyoipata! Simu ilituambia Zohali iko jikoni kwa jirani. Nikigeuza kidogo, imehamia chooni. Shemeji yako alicheka mpaka akakaa chini. Unajua fundi friji akipata la kumcheka fundi cherehani. Alipopata pumzi akanieleza kwamba simu ina dira ndani yake, na dira ukiiwekea sumaku inapotea kabisa. Tangu hapo ananiita Nahodha.

Nikang'oa sumaku zote, nikaweka lastiki pana na vifungo vya plastiki. Jana, giza lilipoingia, tukalenga mwezi kwanza, maana huo haumpotei mtu. Simu ilikuwa imeinama kidogo, basi nikawa naichomekea vipande vya jinzi chini yake, kimoja baada ya kingine, hadi mwezi wa kwenye simu na wa kwenye darubini ukawa mmoja. Kisha tukageukia mashariki, tukaifuata simu. Kikatokea kitu kidogo cha rangi ya chai ya maziwa, na pete yake.

Baba hakutaka kutoka. Nilimwambia hii ni mara ya mwisho, akikosa sitamsumbua tena. Akainama, akaweka jicho la kushoto, akabaki ameinama hadi nikaogopa kwamba haoni. Mara mbili nilisogeza darubini, maana ile sayari haitulii. Mwishowe akasema taratibu, "Watoto wote wale, na mimi nilikuwa nimeamini kitabu tu. Kumbe sikuwadanganya."

Alilia, nami nikalia. Mama akatoka mbio kuuliza nani amekufa.

Mama anakusalimu sana na anasema ule vizuri. Shemeji yako na Shangazi wanakusalimu pia. Nawe nisalimie mama mwenye nyumba anayekupikia supu ukiugua. Mungu akuzungushie ulinzi wake, akupe afya na kazi isiyokumaliza.

Mchoro ulio hapa chini ni wa Baba. Asubuhi aliniomba kalamu. Duara halikufunga vizuri na pete imepita pembeni, kwa sababu hata karatasi yenyewe Baba haioni sawasawa, lakini aliukataa mkono wangu. Anasema hii ndiyo Zohali ya kwanza kuichora baada ya kuiona, na ni yako.

Dada yako mkubwa, akupendaye kila siku.